Majani ya Viungo Barazani, Kiangazi na Masika

Video nyingi zinazofundisha kupanda majani ya viungo kwenye roshani zimetengenezwa nchi za baridi, na sehemu kubwa ya maelekezo yake ni namna ya kuvusha mimea kipindi cha theluji: vyungu viingizwe ndani mwezi gani, taa iwashwe saa ngapi. Mkazi wa Kibaha au Kisarawe akiyafuata anapoteza muda wake. Huku hakuna mnanaa unaokufa kwa baridi. Giligilani inauawa na joto la Januari, rozimari inauawa na mvua ya Aprili, na zote mbili zinauawa na mwenyewe anayetoka saa 11 alfajiri kuwahi gari la Mbezi au la Gongo la Mboto, akarudi saa 3 usiku akiwa hoi. Kwa hiyo anayetaka kuchuma mwaka mzima asing'ang'anie ndoo moja ya mmea mmoja kuanzia Januari mpaka Desemba. Apange zamu: nani akae barazani mwezi gani, na upande upi wa nyumba.

Tuanze na upande, maana hapo ndipo wengi wanapokosea kabla hata hawajanunua mbegu.

Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa 6 mchana linapita utosini mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linapita upande wa kaskazini, na ikifika Juni limeinama kiasi cha nyuzi 30 kuelekea huko, kwa hiyo miale yake inaingia chini ya paa na kufika sakafuni. Kuanzia Oktoba hadi Machi linapita kusini, ila haliinami sana. Hata Desemba ni kama nyuzi 17 tu, na paa lililotokeza vizuri linaweza kulizuia saa za katikati ya mchana.

Tafsiri yake ni hii. Baraza linalotazama kaskazini lina jua wakati wa kipupwe na lina kivuli wakati wa joto kali, na hivyo ndivyo giligilani na mnanaa vinavyotaka. Baraza linalotazama kusini linapata jua msimu wa kaskazi, wakati lenyewe ni kali, halafu kuanzia Aprili linakaa kivulini likipigwa na upepo wa kusi. Sasa tazama Barabara ya Morogoro: kutoka Kiluvya, kupita Maili Moja mpaka Mlandizi, inaelekea magharibi. Nyumba zinazoitazama barabara zinatazama ama kaskazini ama kusini, na majirani wawili wanaotazamana ng'ambo ya lami moja wana kalenda mbili tofauti za bustani. Huyu akimwambia yule "mimi giligilani yangu napanda Juni inastawi", yule akapanda Juni hiyo hiyo akavuna vijiti, wala hakuna uchawi.

Usiyejua kaskazini ya nyumba yako ilipo, angalia msikiti wa jirani. Kibla cha Pwani kinaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu kwenye ramani, imepinda mashariki kidogo tu.

Baraza la mashariki ndilo bora kuliko yote: jua la asubuhi mpaka saa 5 hivi, kisha kivuli kwa siku iliyobaki. La magharibi ndilo gumu. Ukuta wa tofali za saruji hunywa joto kuanzia saa 8 mchana na kulitema usiku, mimea ikakosa hata muda wa kupumua. Hapo weka mchaichai, mrehani na pilipili, na kila chombo kikae juu ya tofali, kisiguse sakafu wala ukuta. Kisarawe mjini, kwa kuwa pako vilimani, pana nafuu kidogo ya joto, lakini ukuta wa magharibi ni ule ule.

Vyombo havihitaji hela nyingi. Ndoo ya rangi ya lita 20 ikioshwa vizuri, dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu, beseni lililopasuka, kiroba kilichokunjwa mdomo, vyote vinafaa. Toboa matundu sita au saba chini, na mawili matatu ubavuni karibu na kitako, maana ya chini huziba. Ukiwa na ndoo nyeusi ivalishe kiroba cheupe, la sivyo mizizi inachemka. Anayekaa ghorofani akumbuke kwamba ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina kilo 25 hadi 30. Vyombo vizito vikae karibu na ukuta wa nyumba, visipangwe ukingoni wala kutundikwa kwenye nondo za roshani. Vyungu vya saruji vinavyouzwa kandokando ya barabara vinapendeza, sibishi, ila kwa mpangaji anayehama kila baada ya mwaka ni mateso matupu.

Udongo wa maeneo mengi ya Kibaha ni kichanga. Maji yanapita kama kwenye chujio na mbolea inayafuata. Vilima vya Pugu na Kisarawe vina mfinyanzi mwingi zaidi, na huko ndiko kwenye udongo mweupe wa kaolini unaojulikana tangu enzi za Wajerumani. Huo ukikauka unakuwa mgumu kama sahani, ukilowa hauachii maji. Tiba ya udongo wa aina zote mbili ni moja: vitu vilivyooza. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi ya zamani na ndoo moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au pumba za mpunga. Wa Kisarawe mwenye mfinyanzi aongeze mchanga. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara mbili kwanza, hasa kama hujui yalikotoka. Yaliyolowekwa baharini yana chumvi.

Kibaha hakukosekani mbolea ya kuku. Mfugaji wa jirani atakupa kiroba bure ili mradi umsaidie kukiondoa. Lakini hiyo mbolea ina mitego miwili. Ikiwa mbichi ni kali na inaunguza mizizi. Ndani ya siku chache utaona ncha za majani zimekuwa kahawia. Tena inakuja na maranda yaliyotandikwa bandani, na maranda yasiyooza yananyang'anya mmea naitrojeni, majani yakageuka njano huku wewe ukiamini umelisha vizuri. Ilundike pembeni, imwagie maji, ifunike, igeuze kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu au minne ikinukia kama udongo wa msituni na maranda yakivunjika kwa vidole, iko tayari. Na usizidishe: konzi moja kwa ndoo kila mwezi inatosha.

Sasa zamu zenyewe.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni msimu wa giligilani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayowashinda watu wengi. Mbegu si lazima inunuliwe kwenye pakiti ya dukani. Nenda kwa muuza viungo wa sokoni, omba giligilani nzima ambayo haijakaangwa. Iliyokaangwa ina rangi ya kahawia iliyokolea na harufu yake imeshafunguka, haioti ng'o. Kila punje ile ya mviringo ni mbegu mbili zilizofungwa ganda moja. Zimwage kwenye sinia, zibingirishie chupa ukikandamiza taratibu mpaka usikie zinaachana nusu kwa nusu. Usizisage. Ziloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji, zifukie kina cha sentimita moja au moja na nusu kwenye chombo chenye kina kisichopungua sentimita 20, kwa sababu mzizi wake unakwenda chini moja kwa moja. Funika kwa gunia lenye unyevu mpaka zichomoze.

Zitachukua siku 8 hadi 14. Wengi siku ya sita wanakata tamaa, wanafukua, wanazivunja zilizokuwa zinaanza kuota. Subiri. Na zikiota usizihamishe. Giligilani iliyong'olewa na kupandikizwa inakasirika, inarusha ua kabla hujala majani. Ndiyo sababu miche ya giligilani inayouzwa kwenye viriba naiona biashara nzuri kwa muuzaji tu.

Kuanzia wiki ya tano au ya sita chuma majani ya nje, ya katikati uyaache. Usipande zote siku moja. Panda chombo kimoja mwishoni mwa Mei, kingine baada ya wiki tatu, kingine tena, mpaka mwanzo wa Septemba. Ukiona majani mapya yamekuwa membamba kama nyuzi, mmea umeshaamua kuzaa na hutauzuia kwa maji wala mbolea. Uachie utoe maua, nyuki watakuja. Punje zake zikiwa bado za kijani zitwange kidogo, zitie kwenye kachumbari. Ni tamu kuliko majani yenyewe. Zinazobaki zikauke, ni mbegu ya mwaka ujao.

Mtu anayetaka giligilani Januari kwa lazima anaweza kuipata kwa njia nyingine. Achukue beseni pana, amwage mbegu kwa kusongamana, aliweke kivulini, na baada ya wiki tatu au nne akate zote kwa mkasi zikiwa na majani mawili matatu. Ni mavuno ya mara moja. Ukisubiri zikue, joto litakuwahi.

Kiangazi cha Januari na Februari, na kaskazi kwa jumla, ni zamu ya mrehani, kivumbasi na mchaichai. Mrehani unapenda jua, ila haupendi kuachwa utoe maua. Kila ukiona kichwa cha ua kinaanza, kata juu ya jozi ya majani, na pale ulipokata yatatoka matawi mawili. Kwa kukata hivyo mmea mmoja unakuwa kichaka badala ya fimbo. Kipande ulichokata kitie kwenye glasi ya maji, ukiondoa majani ya chini. Mara nyingi kitatoa mizizi ndani ya wiki moja hadi mbili, na hapo una mche mwingine. Kivumbasi ni kigumu zaidi, kinavumilia hata ukisahau siku mbili. Wapo wanaokiweka mlangoni kufukuza mbu. Harufu yake inatoka jani linaposuguliwa au kuchomwa. Ndoo iliyokaa kimya barazani haikuepushi na chandarua.

Mchaichai ndio wa kuanzia kwa asiyewahi kupanda chochote. Mwombe jirani mashina matatu yenye mizizi, kata majani yabaki kiganja kimoja, fukia kwenye ndoo ya lita 20. Baada ya miezi mitatu au minne unachuma, na utaendelea kuchuma misimu yote. Mara moja kwa mwaka, Februari mwishoni kabla ya masika, ung'oe wote, ugawe, urudishe mashina manne tu na udongo mpya. Usipogawa unajibana wenyewe, katikati panakauka. Vaa glavu au soksi mkononi. Makali yake yanachana.

Masika, Machi mpaka Mei, ina vituko vyake. Chombo kilicho chini kabisa ya paa hakipati tone hata mvua inyeshe siku tatu mfululizo, na mwenyewe ameacha kumwagilia kwa kuwa "mvua ipo". Mimea mingi ya barazani hufa kiu mwezi wa Aprili. Tia kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Pakavu, mwagilia, hata kama nje kunanyesha. Kile kilicho ukingoni nacho kinapigwa na michirizi ya bati, udongo unachimbika na mizizi inabaki uchi, basi kisogeze ndani hatua moja. Mrehani hupata madoa meusi kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo weka akiba ya vipandikizi mwezi Februari, ili mama akioza watoto wawepo. Rozimari iwe sehemu yenye paa na upepo, kwenye udongo ambao nusu yake ni mchanga au kokoto ndogo. Ni mmea wa nchi za jua kavu, na unyevunyevu wa Pwani haukuumbiwa yeye. Ukiweza kuuvusha masika mawili una haki ya kujisifu.

Mnanaa hauna msimu. Nunua fungu moja sokoni, chagua vijiti vyenye shina la chini gumu kidogo, viweke kwenye glasi ya maji dirishani, vikitoa mizizi vihamishie kwenye beseni pana lisilo na kina kirefu. Uache peke yake. Ukiuchanganya na mmea mwingine utatambaa na kuumeza. Ukianza kurefuka na kuwa na majani madogo, ukate wote ubaki vidole viwili, utie mbolea kidogo, na ndani ya wiki tatu utakuwa mpya. Vitunguu majani navyo vivyo hivyo: kila unaponunua fungu, kata ule majani, vile vikonyo vyenye mizizi virudishe udongoni.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni wakati wa kuzalisha vipandikizi na kufukia tangawizi na manjano. Hivi viwili ndivyo mkombozi wa baraza lenye kivuli cha kudumu. Chukua tangawizi yenye macho yaliyovimba, ivunje vipande vya macho mawili mawili, iache ikauke jeraha siku mbili, ifukie kwenye kiroba kipana. Itakaa miezi 8 hadi 10. Majani yakinyauka yenyewe usidhani umeiua, imeiva.

Maji. Kibaha inategemea mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi. Kisarawe mjini walipata maji ya bomba la DAWASA kutoka Kibamba kwa mradi uliozinduliwa Juni 2020. Hata hivyo mto ukipungua, kama Oktoba 2022 ulipotangazwa mgao Dar es Salaam na Pwani, bustani ya barazani ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Weka dumu la akiba la maji yaliyooshea mchele na mboga, yanafaa kabisa. Maji yaliyochemshia viazi nayo yanafaa yakipoa, mradi hayakutiwa chumvi. Ya sabuni yapeleke kwenye maua ya uani, yasije kwenye majani utakayokula mabichi.

Wanaotumia visima wayaonje maji kwanza. Yenye chumvi yataacha ukungu mweupe juu ya udongo na kingo za majani zitaungua. Yakiwa ndiyo pekee uliyonayo, mwagilia mengi kwa mara moja mpaka yatiririke chini, yaoshe chumvi. Vijimaji vya kila siku vinailimbikiza. Na mvua ikinyesha, toa vyombo nje usiku mmoja vikaogeshwe.

Msafiri wa kila siku mwenye mrehani mkubwa Januari ajue ndoo yake yaweza kumaliza lita moja kwa siku. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, toboa kizibo kwa sindano iliyopashwa moto, ijaze, ichomeke kichwa chini udongoni kabla hujatoka. Ikiisha ndani ya saa moja tundu ni kubwa, tafuta kizibo kingine. Juu ya udongo tandaza makumbi au majani makavu unene wa vidole viwili.

Kuhusu visahani vya kukingia maji chini ya vyombo: bora usiwe navyo. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji machache yaliyosimama namna hiyo hiyo, na kutoka yai mpaka mbu ni kama siku 7 hadi 10. Kama ni lazima kwa sababu ya jirani wa chini, kijaze mchanga, au kimwage na kukisugua kwa brashi kila wiki, maana mayai hugandia ukingoni na hustahimili ukavu. Kibaha ndiko kilipo kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Ingekuwa aibu ya mwaka kuwafuga barazani.

Wadudu wengine hawahitaji maneno mengi. Vidukari huja kwenye machipukizi, utitiri huja wakati wa ukavu na kuacha majani yenye vidoti vyeupe, konokono huja masika na huokotwa usiku kwa tochi. Twanga konzi mbili za majani ya mwarobaini, loweka usiku kwenye lita mbili za maji, chuja, tia sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku tano. Osha kabla ya kula, ni chungu. Dawa za dukani za kunyunyizia mahindi zisikaribie chombo cha mnanaa.

Siku ya kuhama, usimwagilie siku mbili kabla ili vyombo viwe vyepesi. Mnanaa na mrehani chukua vipandikizi tu, vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Giligilani kata yote ule. Mchaichai ng'oa mashina matatu. Ndoo iliyobaki mwachie mpangaji anayeingia, na umwambie inataka kugawanywa Februari.